Nyongeza ya Kadi Inalipwa na Nani?



Sokoni hapa Bukoba, ukishanunua fungu la nyanya kwa mama uliyemzoea, huondoki hivi hivi. Unamwambia, "Niongeze, waitu." Naye atakunja uso kidogo, atalalamika kwamba unataka kumfilisi, kisha atatupia nyanya mbili ndani ya kikapu chako, nawe utakwenda zako umefurahi. Lakini mama yule si mjinga. Nyanya zile mbili alikwisha kuzihesabu tangu asubuhi alipokuwa akipanga mafungu yake, na bei ya fungu imezibeba.

Nazitaja nyanya hizo kwa sababu siku hizi akina mama wananiuliza sana juu ya kadi za benki zenye zawadi. Wananiuliza kanisani, na hata zahanati tunapongoja zamu ya kupima uzito wa watoto. Mmoja wao, ambaye mume wake ni mwalimu nao wana watoto wanne, alinieleza kwamba benki imempigia mzee simu. Ameambiwa kuna kadi ya mkopo ambayo kila akinunua kitu atapata pointi, na pointi zikijaa atarudishiwa fedha au atachagua bidhaa. Mzee amependezwa. Lakini anayeshika matumizi ya nyumba ni mama: ndizi, maharage, sabuni, umeme, nauli za watoto. Akaniuliza, "Sista, tuichukue?" Nilimwomba anipe muda, maana jibu lake ni refu kuliko la kusimama koridoni.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa sana. Kadi ambayo wengi wetu tunayo mkobani, ile ya kutolea mshahara kwenye mashine, ni ufunguo wa fedha zako mwenyewe. Ukilipa dukani kwa kadi hiyo, salio lako linapungua pale pale, na salio likiisha mashine inakataa. Kadi ya mkopo ni kitu kingine kabisa. Hapo fedha zinazolipa ni za benki, nawe unakuwa mdeni tangu dakika ile mashine inapotoa risiti. Benki inakuwekea kikomo, tuseme shilingi milioni moja, na kila mwezi inakuletea taarifa ya ulichotumia pamoja na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwa macho kadi hizi hufanana kama mapacha. Zote huweza kuandikwa Visa au Mastercard, zote zina chipu na namba ya siri. Kwa hiyo usione haya kumwuliza karani wa benki kwa maneno ya wazi: nikilipa kwa kadi hii, ni fedha zangu au zenu?

Wazo la kula kwanza na kulipa mwisho wa mwezi si geni kwetu. Nenda Kashai, nenda Hamugembe, nenda Rwamishenye, kila mtaa una duka lenye daftari. Mtoto anatumwa sukari robo, mwenye duka anaandika. Anatumwa mafuta, anaandika. Mwisho wa mwezi mshahara ukitoka unakwenda kufuta. Hakuna riba iliyotajwa, lakini mama anayechukua kwa daftari hawezi kubishana bei, na mara nyingi hajui deni limefika wapi mpaka ajumlishiwe. Mwaka 1950 mjini New York, kampuni ya Diners Club ilipotoa kadi yake ya kwanza ya karatasi ngumu kwa ajili ya kulipia chakula hotelini, ilifanya jambo hilo hilo la mwenye duka wetu: mteja alikula, akasaini, akalipa deni lote mwisho wa mwezi. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1958, wakati Bank of America ilipotoa kadi yake huko California, ambayo baadaye ndiyo ikawa Visa. Kadi hiyo ilimruhusu mteja kulipa kidogo kidogo, na deni lililobaki likatozwa riba. Zawadi ya kurudishiwa sehemu ya fedha ulizotumia ilikuja nyuma sana; kadi ya Discover ya Marekani ndiyo iliyoipa umaarufu kuanzia mwaka 1986. Angalia mpangilio huo, mama. Riba ilitangulia, zawadi ikafuata.

Sasa, nani anazilipa nyanya mbili za benki?

Wa kwanza ni mwenye duka. Kila unapolipa kwa kadi, anakatwa asilimia fulani ya mauzo yake, na fedha hiyo inagawanywa kati ya benki yake, benki yako na kampuni ya kadi. Huko Marekani makato haya kwa kadi za mkopo huzunguka asilimia 2, ndiyo maana zawadi zao ni nono. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliona wenye maduka wanaumia, na mwaka 2015 zikaweka kikomo cha sehemu inayokwenda kwa benki ya mteja: asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Zawadi za kadi huko zikasinyaa. Hapo ndipo unaona kwamba zawadi haikuwa ukarimu wa mtu yeyote. Mwenye duka naye hakubali kuumia peke yake. Huipandisha bei kidogo kwa wote, pamoja na yule bibi anayelipa kwa noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa.

Wa pili ni yule asiyemaliza deni lake kwa wakati. Huyu ndiye mteja ambaye biashara ya kadi ya mkopo inamtegemea. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida manunuzi yako hayatozwi riba. Ukibakiza, riba inaanza kula. Na kama ulitumia kadi hiyo kutoa fedha taslimu kwenye mashine, hapo kwa kawaida hakuna siku za msamaha: kuna ada ya kutoa, na riba inahesabiwa tangu siku ile ile.

Hebu tuchukue karatasi na kalamu. Nasema "tuseme", kwa sababu kila nyumba ina hesabu yake na kila benki ina viwango vyake.

Tuseme nyumba ya mwalimu wetu inatumia shilingi 400,000 kwa mwezi. Je, ni kiasi gani kati ya hizo kinaweza kulipwa kwa kadi hapa kwetu? Mkungu wa ndizi unanunuliwa kwa fedha mkononi. Dagaa, maharage, mboga, kusaga mahindi, bodaboda, mchango wa msiba, sadaka, yote ni taslimu au kwa simu. Senene wa Novemba ndio kabisa, hakuna aliyewahi kuwaona wakiuzwa kwa mashine ya kadi. Inabaki safari moja ya mwezi kwenye duka kubwa la mjini, pengine mafuta ya pikipiki na dawa. Tuwe wakarimu, tuseme ni 100,000. Kama kadi inarudisha asilimia moja, hiyo ni shilingi 1,000 kwa mwezi, au 12,000 kwa mwaka mzima. Sasa uliza ada ya mwaka ya kadi. Tuseme ni 50,000. Umekwisha kupata hasara ya 38,000 kabla hujakosea jambo lolote.

Ngoja, hatujafika kwenye mwezi mbaya. Mwezi wa Januari watoto wanarudi shule, viatu vimebana, madaftari hayapo. Mwezi huo ukabakiza deni la 300,000 kwenye kadi, na riba tuseme ni asilimia 3 kwa mwezi. Riba ya mwezi huo mmoja ni 9,000. Imekula pointi za miezi tisa.

Kisha kuna jambo ambalo benki huliita malipo ya chini kabisa. Katika taarifa ya mwezi utaona deni lako lote ni 400,000, halafu chini yake, kwa upole mwingi, utaambiwa unaweza kulipa 20,000 tu. Mama aliyechoka anapumua. Lakini kwa riba ile ile ya asilimia 3, katika 20,000 hizo, 12,000 ni riba, na 8,000 tu ndizo zilizopunguza deni. Mwezi unaofuata bado unadaiwa 392,000, na kama uliendelea kununua kwa kadi hiyo ili usikose pointi, unadaiwa zaidi ya ulivyoanza. Sisi wauguzi tumezoea kusoma karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, ile ambayo wagonjwa huitupa. Karatasi ya kadi nayo isomwe hivyo hivyo, hasa maandishi madogo.

Wakulima wa kahawa wa Muleba, Bukoba Vijijini na Karagwe hawahitaji kuelezwa mambo haya kwa urefu, wanayajua kwa jina la butura. Kahawa bado ni maua mtini, nyumbani kuna shida, mtu anakuja na noti mkononi na kuinunua kwa bei ndogo ikiwa bado haijaiva. Wakati wa mavuno yeye ndiye anayechuma faida, na mwenye shamba anabaki anaangalia. Serikali imelipiga marufuku jambo hilo, na viongozi wa mkoa wamelikemea mara nyingi, kwa sababu linaacha familia bila ada za shule. Butura haiitwi mkopo wala haina riba iliyoandikwa, lakini ni mkopo, na riba yake ni ile tofauti ya bei. Kadi ya mkopo inayotumiwa kununulia sabuni na mchele ni butura ya mshahara. Unauza mwezi ujao ukiwa bado maua.

Huenda wewe unayesoma huna mshahara wala hujapigiwa simu na benki yoyote. Usifunge ukurasa. Kwa wengi wetu kadi ya mkopo iko tayari ndani ya simu, ila hatujaiita kwa jina hilo. Wateja wa M-Pesa wanaijua Songesha: unataka kulipa, salio halitoshi, unabonyeza kukubali, muamala unakwenda. Wenzetu wa Kenya wana Fuliza ya Safaricom tangu Januari 2019, kazi yake ni hiyo hiyo. Ni msaada wa kweli usiku mtoto akiwa na homa na wakala amefunga. Lakini ina ada zake, nazo huongezeka deni linavyokaa, na tena fedha yoyote itakayoingia kwenye simu inakatwa kwanza kulipa deni. Baba akituma shilingi 20,000 za dawa kutoka Mwanza, unaweza kukuta imebaki nusu. Mama mmoja alidhani mtandao umemwibia. Hakuwa ameibiwa. Alikuwa amesongesha kwa siku kumi na moja mfululizo, kidogo kidogo, kununua mkate na vocha.

Simu pia iliwahi kutupa zawadi ya aina nyingine, ambayo naipenda zaidi na inafaa kukumbukwa. Mwaka 2014 Tigo Pesa iliwagawia wateja na mawakala wake hapa Tanzania zaidi ya shilingi bilioni 14. Hiyo ilikuwa riba iliyokusanyika kwa miaka kadhaa kutokana na fedha zetu zilizokuwa zimetunzwa benki kwa niaba yetu, na kila mmoja alipata kwa kadiri ya salio alilokuwa akiweka. (Tangu Novemba 2024 huduma hiyo inaitwa Mixx by Yas.) Wengi walipata kiasi kidogo tu, wengine hawakuona kilipoingia. Hata hivyo mama aone tofauti iliyopo hapo. Zawadi ile ilitolewa kwa kuweka. Ya kadi ya mkopo inatolewa kwa kutumia.

Kuna zawadi nyingine za kadi ambazo hazina mkopo ndani yake. Benki ya NMB, kwa mfano, imeendesha kwa misimu kadhaa kampeni ya MastaBata, ambayo mteja anayelipa kwa kadi yake ya kawaida anaingizwa kwenye droo ya zawadi. Sioni ubaya wa kulipa kwa kadi kitu ambacho ungekinunua hata hivyo, kwa fedha ambayo unayo. Risiti inabaki, na fedha haitembei mkobani katika stendi yenye vibaka. Ila droo ni droo. Atakayepata ni mmoja kati ya wengi, na mama asiyeshinda hana la kudai. Usiiweke katika bajeti, na usiongeze kikapu ili jina lako liingie mara mbili.

Pointi nazo zina ugonjwa wake. Wale waliokaa Nairobi wanaikumbuka kadi ya Nakumatt, ile Smart Card, ambayo akina mama waliitunza kama kitambulisho, wakikusanya pointi za Krismasi. Nakumatt ilikuwa duka kubwa kuliko yote Kenya, na mwaka 2014 ilichukua hata maduka ya Shoprite hapa kwetu. Kufikia mwaka 2018 ilikuwa mikononi mwa msimamizi wa mufilisi, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Pointi si fedha. Ni ahadi ya mtu, naye anaweza kubadili masharti, kuweka tarehe ya mwisho, au kufunga mlango. Kwa hiyo mwenye pointi azitumie mapema, asizifanye akiba.

Je, hakuna nyumba inayofaa kuwa na kadi ya mkopo yenye zawadi? Ipo, na nisiseme uongo. Nyumba yenye mishahara miwili isiyochelewa, yenye akiba ya miezi mitatu ambayo haiguswi, yenye kusafiri kwa ndege au kulipia vitu vya nje kwa intaneti, na ambayo imeiagiza benki ikate deni lote, narudia lote, kila mwezi bila kusubiri mtu akumbuke. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuchukua zawadi kila mwaka na isiilipe benki hata senti ya riba. Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada huishi hivyo. Kule hata kupanga nyumba kunahitaji historia ya kulipa madeni, na kadi ndiyo njia ya kuijenga. Lakini hata huko anayebakiza deni anaumia: mwaka 2024 riba ya kadi Marekani ilikuwa wastani wa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Kwa hiyo mdogo wako aliyeko Minnesota akikusifia kwamba kadi imemlipia tiketi ya ndege, mwulize kwanza kama analipa yote au anabakiza.

Nyumba ya mwalimu mmoja yenye watoto wanne, hapana. Hilo ndilo jibu langu kwa mama yule, na nimemwambia hivyo. Si kwamba hawajui kutumia fedha. Pengine wanajua kuliko wenye mishahara mikubwa. Ni kwamba mwezi wao hauna nafasi ya kukosea. Zawadi ya 12,000 haiwezi kulinganishwa na hatari ya kuanza Februari na deni la Januari.

Wanayo njia nyingine ya kupata nyongeza, tena kubwa zaidi. Akina mama watano wa mtaa mmoja wakichangia gunia la mchele na dumu la mafuta kwa bei ya jumla, wakagawana kwa kipimo, kila mmoja anaweza kubakiza kwa mwezi zaidi ya hizo shilingi 1,000 za pointi. Fedha ya Januari iwekwe kidogo kidogo katika kikundi tangu Juni, kahawa inapouzwa, na wenye mshahara waanze hata mapema zaidi. Katika kikundi cha kuweka na kukopa, riba anayolipa mwanachama hurudi kwa wanachama wenyewe mwisho wa mzunguko mnapogawana. Hiyo ni kadi yenye zawadi ambayo mwenye benki ni wewe.

Niseme jambo moja la kazini kwangu. Mama anapokuja presha imepanda na hana sababu ninayoiona, huwa namwuliza anavyolala. Wapo wanaoniambia mara moja kwamba hawalali, na baada ya kunyamaza kidogo wanataja deni. Si deni kubwa mara nyingi. Ni deni ambalo baba halijui. Kadi na simu zimefanya iwe rahisi kukopa bila mtu wa nyumbani kuona, kwa sababu hakuna mwenye duka wa kukutana na mume wako njiani. Wengine, ili wafiche lile la kwanza, wamekwenda kuchukua mikopo ile tunayoiita kausha damu, wakaacha kitanda na televisheni rehani. Mama ajue kwamba taasisi ndogo za mikopo zisizopokea amana zinatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu imeziwekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza pia majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Anayekudai asilimia 20 kwa wiki na kukutishia kwamba atawatumia picha yako watu wote walio kwenye simu yako, hana sheria nyuma yake, hata akipiga kelele namna gani.

Kwa sababu hiyo, kabla ya karatasi yoyote ya kadi kusainiwa, baba na mama wakae mezani pamoja. Ujumbe wa matumizi utaingia simu ya nani? Kadi ya pili ikitolewa kwa jina la mama, deni lake litalipwa na nani, na kikomo chake ni kiasi gani? Mwenye kadi akifariki au akifukuzwa kazi, deni linakwenda wapi, kuna bima? Haya yanaonekana kama maneno ya mkosi, lakini tumewaona wajane wakiyaulizia benki wakiwa bado wamevaa kitambaa cheusi.

Benki nayo iulizwe bila woga. Ada ya mwaka ni kiasi gani, na je, ile ya "mwaka wa kwanza bure" itarudi mwaka wa pili? Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, nayo inaanza kuhesabiwa siku gani? Nikichelewa siku moja, faini ni kiasi gani? Pointi moja ni shilingi ngapi, zinakufa baada ya muda gani, na ni manunuzi gani hayahesabiwi? Chukua kalamu, andika majibu mbele yake, umwombe akupe na karatasi yao iliyochapwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka gharama ziwekwe wazi kabla hujasaini, kwa hiyo huombi fadhila. Ukiona mambo hayaendi, malalamiko yapelekwe kwanza kwenye benki yenyewe kwa maandishi, na yakikwama huko unaweza kuyafikisha Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza.

Na kwa wale ambao kadi wanayo tayari na wamegundua inawakamua: acheni kwanza kununulia kitu chochote, maana huwezi kukausha sakafu na bomba liko wazi. Lipeni kila mwezi zaidi ya kile kiwango cha chini, hata kama ni kwa 10,000, mpaka liishe. Zile pointi zilizobaki zitumieni kabla ya kufunga, kwa kuwa zikifungwa na akaunti hazirudi. Kisha nendeni benki mkaombe kadi ifungwe kabisa, na mpewe barua inayosema deni ni sifuri na akaunti imefungwa. Kutoitumia tu hakutoshi, kwa sababu ada ya mwaka huendelea kuingia kimya kimya na kuzaa riba yake. Barua hiyo itunzwe pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto. Kadi yenyewe ikateni kwa mkasi, mkipitisha katikati ya ile chipu.